Hatua ya Nne Ndani ya Ziwa Seneca

Niliondoka Hyattsville kwa sababu ya dada mmoja aliyeogopa maji. Rhoda, Mkenya anayetunza wazee majumbani, alitaka kubatizwa, lakini si kwenye kidimbwi cha kanisani. Kaka yake alizama Ziwa Viktoria mbele ya macho yake walipokuwa wadogo, na tangu siku hiyo hakuingia tena majini.

"Nikibatizwa kwenye karai, hofu itajua nimeidanganya," aliniambia.

"Na mto Potomac?"

"Wacha! Huo unateremsha dhambi za watu wa juu."

Shule niliiacha mapema, lakini ramani nazisoma kama wengine wasomavyo magazeti. Kaskazini mwa ramani nilikuwa nimeona maziwa marefu membamba, kama alama za kucha. Nikajitolea kuendesha.

Alfajiri, Septemba 1998, tukaondoka watatu, Pasta Odhiambo wa kanisa letu akiwa mbele na kanzu yake imekunjwa magotini. Pennsylvania tuliipita ndani ya ukungu. Milima ilielea juu ya mto tulioufuata.

Saa sita mchana tukafika Ziwa Seneca. Maji yalikuwa ya buluu iliyokolea, na ng'ambo ilififia kama mahali ulipopaona usingizini. Bi Helen, mwenye mitumbwi ya kukodisha, akatupa kahawa, nami nikamwuliza maswali hadi ikapoa. Barafu nene kuliko milima, alisema, ilichimba bonde hili kisha ikayeyuka. Shusha kamba ya mita mia na themanini katikati, haigusi chini. Waseneka, wenyeji wa asili, walipanda mahindi na mapichi kando yake, mpaka wanajeshi wa vita vya uhuru wa nchi hii wakachoma vijiji vyao. "Wajukuu wao bado wapo, magharibi ya hapa."

Ikasikika ngurumo moja, kama ngoma chini ya maji.

"Ni ziwa tu," akasema. "Kwa nini, hakuna ajuaye vizuri."

Saa nane Pasta akavaa kanzu.

"Pasta, muulize Bi Helen kina kinaanzia wapi," nikamwambia.

"Mimi ni mtu wa Homa Bay, wewe! Ziwa nimelijua kabla ya kuota meno."

Kwao unatembea mpaka uchoke ndipo maji yafike kifuani. Akaingia kinyumenyume akiimba, amemnyooshea Rhoda mkono. Hatua ya nne akatoweka.

Rhoda hakupiga kelele. Alijitupa, akaukamata ule mkono, kichwa chake mwenyewe kikazama. Nami nikamshika kiunoni, tukavutana hadi kwenye kokoto.

"Ziwa gani hili halina mteremko!" Pasta akakohoa.

Nikamwambia Rhoda, "Umeshazama, dada. Inatosha."

"Maneno ya ubatizo sikuyasema," Pasta akanong'ona. "Lakini Mungu ameona, binti yangu. Sikulazimishi."

Rhoda akautazama mstari mweusi ambapo chini paliishia.

"Pale nilimfuata mtu," akasema. "Sasa naenda mwenyewe."

Akapiga magoti majini kabla ya ule mstari. Maji yalikuwa bado na joto la kiangazi. Pasta akayasema maneno, Rhoda akalala chali, maji yakamfunika, akainuka akicheka na kulia.

Tulirudi taratibu. Nilichojifunza ni kwamba ziwa la ugenini huulizwa kwanza, hata na mtu wa ziwani. Rhoda amejiandikisha darasa la kuogelea.

"Naogopa bado," ananiambia, "lakini sasa naogopea mlemle ndani ya maji."