Siku Tatu za Majaribio

Kila mwaka, kabla msimu wa mbio za magari haujaanza, timu zote hupeleka magari yao mapya jangwani, Uarabuni, kuyajaribu kwa siku tatu. Saa za kule ndizo saa zetu, na majaribio huangukia saa za kazi, kwa hiyo mtumishi wa umma kama mimi hana budi kuomba likizo. Nilikuwa naomba bila haya. Mwaka ule pia nilijifungia nyumbani Miyuji na simu na daftari, nikinakili muda wa kila mzunguko, ingawa mpenzi yeyote wa mbio anajua kwamba muda wa majaribio ni wa kuzugana tu: huyu kajaza mafuta, yule kaficha kasi yake. Hakuna pointi, hakuna mshindi. Ndiyo raha yake, na ndicho kilichoniponza.

Ugonjwa huo aliniambukiza Baba. Alikuwa dereva wa serikali, akastaafu, akarudi Hombolo kwenye zabibu zake. Presha ya macho ilikuwa imeshalichukua jicho lake la kulia, na daktari alituambia wazi kwamba la kushoto nalo halina muda mrefu. Nilikuwa nimekaa palepale. Nilisikia.

Siku ya kwanza ya majaribio akanipigia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Njoo na hiyo simu yako, tuyaone magari mapya."

"Huko mtandao unasumbua, Baba. Halafu haya ni majaribio tu. Nitakuja mbio zenyewe zikianza. Ni wiki mbili tu."

"Haya. Wewe ndiye mtaalamu."

Hombolo si mbali, na likizo nilikuwa nayo mkononi. Ukweli ni kwamba sikutaka maswali yake yanivurugie daftari langu. Najichukia ninapoyaandika haya.

Siku ya mbio za kwanza nilifika kwake asubuhi na mapema. Nilimkuta sebuleni, amevaa shati lililopigwa pasi, Mama kakaa pembeni yake. Nikamwamkia, nikamwekea simu mikononi. Mtandao, kama vile kunikomesha, haukukatika hata mara moja. Magari yakaondoka. Kidole gumba cha Baba kilikuwa kimefunika nusu ya picha, na hakukiondoa.

"Yameshatoka?" akauliza. Yalikuwa kwenye mzunguko wa pili.

Nikamtazama Mama.

"Tangu Jumatatu," alisema kwa sauti ya chini. "Alinikataza nisikupigie. Alisema uko kazini."

"Nisimulie basi," Baba akasema.

Nikaanza. Nikamwambia jekundu liko mbele, nyuma yake mawili yanabanana kwenye kona, la timu yetu limepitwa na jeupe. Hapo nikaacha kusimulia. Nikamwambia, "Baba, nisamehe. Ningekuja siku ile, ungeyaona."

Akapapasa hewani mpaka akalipata goti langu.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Usisimame katikati ya barabara."