Kibaba cha Bi Thuwaiba

Mimi siipendi hesabu inayonificha jambo. Nikiiona huona kama nimetukanwa. Basi Disemba hii Bi Thuwaiba alipopanda ngazi za ofisi yetu ndogo ya ushauri wa fedha, Mkunazini, mwaka wa tatu mfululizo, niliapa: leo haondoki mpaka nijue.

Shikamoo, marahaba, akakaa. Ana miaka sitini na nne, anauza mikate ya kumimina, na anachokitaka duniani ni kimoja tu: kwenda Hija kabla magoti hayajamgomea. Kila mwaka tunampangia akiba. Kila Disemba anarudi na nusu yake.

"Bi Thuwaiba, dhahabu huvai, kodi ya nyumba hulipi. Fedha inakwenda wapi?"

"Inakwenda tu, mwanangu."

Inakwenda tu! Ukutani tumebandika haba na haba hujaza kibaba, na yeye cha kwake kina tundu.

Nikamwomba daftari lake. Unga, nazi, mkaa, vyote sawa. Halafu mstari mmoja uliojirudia kila baada ya mwezi mmoja au miwili, bila ya jina: "mchezo, kujaza."

Akanieleza kwa shingo upande. Yeye ndiye kijumbe wa mchezo wa kuchangiana, wenye watu wa mitaa mbalimbali. Wanawake kumi, kila mmoja anatoa laki moja kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao anazichukua zote. Kijumbe anakusanya. Mtu akikwama, yeye hujaza kwa fedha zake na kunyamaza, mwenzake asiaibike.

"Loo! Kwa hiyo Hija yako wanaila watu wazima wenye akili zao?" Nilipandisha sauti, nakiri. "Mwaka mpya mwisho. Asiyetoa, atoke."

"Mtu akifikwa, anatoka aende wapi?"

"Umeanza lini kujaza?"

"Zamani."

"Wa kwanza alikuwa nani?"

"Majina sitoi, Bashira. Alichukua zamu ya kwanza, mtoto wake kapata chuo Dar. Wiki ya pili mumewe akaanguka sokoni, akafa. Mtu yumo edani, hatoki mlangoni, atapata wapi laki? Nkamjazia mpaka mchezo ukaisha."

Nikaweka kalamu chini. Baba yangu alianguka sokoni Darajani, nina wiki mbili chuoni Dar. Mama alinambia kwenye simu, "Ada ishalipwa, wewe soma." Sikumuuliza imelipwa na nini. Mimi huyu, nisiyependa hesabu inayonificha jambo.

"Ni mama yangu," nikasema.

Alinyoosha pindo la buibui lake.

"Na mimi ulinijua?"

"Tokea siku ya kwanza." Akacheka kidogo. "Wewe unadhani napanda ngazi hizi kwa magoti haya kwa ajili ya makaratasi yako? Nlitaka nione fedha yangu imefika wapi."

Nililia, sioni haya kusema. Kisha nikaufuta mpango wa mwaka mpya nikauanza upya. Mstari wa kujaza niliuacha pale pale. Mstari wa juu, katika fedha za Hija zinazoingia kila mwezi, niliandika laki moja na jina langu.

Aliusoma polepole, akainuka kwa kushika meza.

"Mama yako usimwambie kama unajua," akasema. Akaanza kuteremka, ngazi moja moja.