Salfa Kwenye Kompyuta

Mama yangu alipopatwa na kiharusi, mkono wa kulia ulilegea na maneno yakamwisha. Mengine yote alibaki nayo. Alijua nani ni nani, alijua chai iliyopungukiwa sukari, na alijua kunikazia macho nikiongea kupita kiasi, jambo ambalo kwangu ni la kila siku. Lakini nilipomwamkia asubuhi, "Shikamoo mama," hakuwa na marahaba ya kunipa. Aliinua mkono wa kushoto tu. Mimi mtu mzima, mwalimu wa sekondari, nilikuwa natoka kwenda kulia nyuma ya choo kwa sababu ya shikamoo isiyojibiwa.

Hospitalini Mkomaindo, muuguzi aliyekuwa akimfanyisha mazoezi aliniambia jambo ambalo sikuliamini mara moja. Alisema wapo wagonjwa wasioweza kutamka hata jina lao, lakini wakisikia wimbo waliouzoea huuimba, na kwa njia hiyo usemi huanza kurudi kidogokidogo.

"Mtafutieni nyimbo zake," alisema. "Siyo nyimbo zozote. Zake."

Tukaanza na za kanisani, maana mama aliimba kwaya tangu usichana. Niliimba mimi. Mama alinitazama kwa huruma. Sauti yangu inafaa kuitia mbuzi, na sidhani kama mbuzi wenyewe wanaifurahia. Ndipo nikakumbuka nyimbo zake hasa, zile alizozitunga mwenyewe kinuni akitwanga mihogo mikavu na wanawake wenzake. Yeye anaita, wao wanaitikia, na ndani ya wimbo anasutwa yeyote aliyekosea siku hiyo. Maneno yalibadilika kila mara, kwa hiyo hakuna aliyeyashika. Lakini mwaka uliotangulia, kwenye maandalizi ya harusi ya binti yangu, niliwarekodi kwa simu mchana kutwa, na simu ilipojaa nikazihamishia sauti zile kwenye kompyuta yangu ndogo. Simu yenyewe baadaye ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Nyimbo zikabaki kwenye kompyuta peke yake.

Na kompyuta ilikuwa kijijini Mkunya kwa kaka yangu. Nilimwachia aitunze nilipohamia Masasi kumuuguza mama karibu na hospitali. Kaka ni mkulima wa korosho, mtu mpole, na ukimpa amana anailinda kuliko mali yake. Kwake kila chenye thamani hukaa stoo, chumba pekee chenye kufuli: korosho, mashine ya kupulizia, vitenge vya wifi yangu, na mifuko ya salfa, ule unga wa njano tunaoipulizia mikorosho ili maua yake yasiharibiwe na ukungu. Kompyuta nayo iliingia stoo. Tena kwa kuogopa mchwa na sisimizi wasijenge ndani yake, aliilaza juu ya mifuko ya salfa, kisha akaifunika kwa mfuko mtupu uliokuwa wa salfa. Masika yote ikalala hapo.

"Hapo dada hakuna mdudu wa kusogea," aliniambia kwa fahari nilipoifuata.

Kweli, mdudu hakusogea. Nilichomeka umeme palepale. Taa ikawaka, feni ikavuma, kioo kikabaki cheusi. Halafu ikaanza kulia: mlio mfupi, kimya, mlio mfupi, kimya. Niliizima nikaiwasha tena, ikalia vilevile. Nimezaliwa na hasira za karibu, nami sikuzitafuta mbali.

"Kaka, umeizika sauti ya mama," nilimwambia.

Kaka alifunga stoo, akaipakata ile kompyuta, na tulipopanda gari kwenda Newala mjini kwa fundi alikuwa bado ameipakata.

Fundi yule ana kibanda karibu na soko. Ni Mmakua, mtani wangu, kwa hiyo hana adabu nami wala mimi naye. Alifungua mfuniko wa chini, akarudi nyuma, akapiga chafya.

"Nyie Wamakonde," alisema, "mmeipulizia salfa ili itoe maua?"

Kaka alitazama chini. Nilijaribu kununa, nikashindwa, nikacheka.

Fundi alieleza kwamba mlio ule ndio kilio cha mashine isiyoiona RAM. RAM ni vibao vyembamba ambavyo kompyuta huvitumia ikiwa kazini, na bila hivyo haiwezi hata kuwasha kioo. Nyimbo za mama hazikai humo, zinakaa kwenye hifadhi. Mimi huwa najua kazi za watu, nikamwambia basi aichomoe hifadhi aisome kwenye mashine nyingine. Akanionyesha kwamba kwenye mashine ya aina ile hifadhi imechomelewa kwenye ubao, haichomoki. Ama mashine iwake, ama nyimbo zimekwenda.

Alitoa betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda ili umeme uliobaki uishe, kisha akachomoa vile vibao viwili. Meno ya vibao hivyo, ambayo yanatakiwa kung'aa kama dhahabu, yalikuwa na madoa meusi kama sarafu iliyookotwa jivuni.

"Salfa na unyevu wa masika," alisema. "Vikikaa pamoja vinakula shaba taratibu. Wewe si mwalimu? Toa raba."

Raba ilikuwamo kwenye mkoba wangu, ile ya kufutia penseli. Alinifundisha kushika kibao kwa kingo, niguse kwanza chuma ili mwili usiwe na umeme, kisha nisugue polepole bila kukandamiza. Yeye alipiga mswaki na spiriti ndani ya nafasi za kuchomekea. Nilisugua kama ninavyofuta makosa ya wanafunzi, ila safari hii nilikuwa naomba Mungu.

Tulirudisha vyote viwili. Ikalia. Kibao cha kwanza peke yake kikalia, tukakihamishia nafasi ya pili, kikalia tena. Hapo kaka aliinuka akatoka nje. Nami nilikaa nikitazama spiriti ikikauka kwenye meza, nikiwaza jinsi nitakavyomwambia mama, na kwamba hataweza hata kunigombeza.

Kibao cha pili, nafasi ya kwanza, kililia. Nafasi ya pili, kimya. Nilidhani imekufa kabisa. Kumbe kimya ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Kioo kikapauka, kikawaka.

"Kaka, rudi ndani," fundi aliita, utani wote umemtoka. "Kimoja kimekufa, kimoja kizima. Itakwenda kwa kuchechemea, lakini itakwenda."

Kabla ya lolote alizinakili nyimbo zote kwenye flashi mbili, moja nikaichukua mimi, moja akapewa kaka. "Hiyo usiiweke stoo," nilimwambia.

Tulifika Masasi alasiri. Mama alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mto. Kaka alimwamkia kwa mbali, akakaa pale kizingitini, hakutaka kuingia zaidi. Niliweka kompyuta mapajani mwa mama. Ilichukua muda mrefu kuwaka, nami nikajifunza uvumilivu kwa lazima.

Kinu kikaanza kudunda. Kisha sauti yake mwenyewe, kavu na yenye kicheko ndani. Siku ile niliyowarekodi aliimba kwa Kiswahili, ili wageni wa harusi nao waelewe wanachosutwa. Kaka naye siku hiyo alikuwa amesimama mlango wa jikoni akila mihogo ya kuchoma iliyowekwa kwa ajili ya wakwe.

"Nani kala mihogo ya wakwe?" aliita mama kwenye kompyuta.

"Yupo mlangoni," waliitikia wanawake.

Mama aliyekuwa kitandani hakusogea. Yule wa kwenye kompyuta akaita tena, wanawake wakaitikia tena. Niliona midomo yake ikitafuta, upande mmoja unakubali, mwingine unagoma. Wimbo ukaita mara nyingine, nani kala mihogo ya wakwe, na kabla wale wanawake hawajaitikia, mama aliinua mkono wa kushoto, akauelekeza kizingitini.

"Yupo," aliimba, kwa shida, kwa sauti nzito isiyofanana na ile ya kwenye mashine. "Yupo mla-ngoni."

Kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

"Ni mimi, mama," alisema. "Na salfa niliweka mimi."