Nyoki za Sekela na Mkwe Aliyekaa Jikoni

Baba mkwe amekaa jikoni, chungu kinachemka, na Sekela hawezi kutoka nje.

Ni Jumapili ya mwezi wa sita, hapa Uyole, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Baridi imekaza. Jiko la Sekela ni kibanda cha nyasi kilichojitenga na nyumba, na mlango wake unatazamana na mlango wa nyumba. Ameingia ndani mara moja tu kuchukua samli. Anapogeuka kutoka, anaona kofia ya pama, koti jeusi la kanisani, na mgongo mpana unaota moto wake. Anarudi nyuma kama mtu aliyekanyaga kaa.

Asiye Mnyakyusa atacheka. Lakini katika ukoo alioolewa Sekela, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hatamki jina lake, hapiti mbele yake. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia shambani na mzee anageuza uso. Ukristo umelegeza mengi huko kwao Tukuyu, lakini hili bado, na kwa baba mkwe huyu, Mzee Andendekisye, halijalegea hata kidogo.

Siku zote mzee akija kumtembelea mwanawe hutuma neno mapema, na akikaribia hukohoa tangu barabarani. Leo hakutuma neno wala hakukohoa. Lori limemshusha karibu, amejua Jumapili watu wako ibadani, ameona moto, akaufuata.

Ndani ya chungu mna nyoki. Na muda wowote kutoka sasa, anakuja Mtaliani kuzionja.

Nyoki ni chakula cha Wataliani. Ni viazi ulaya vilivyochemshwa na kupondwa, vikachanganywa na unga wa ngano kidogo na yai, vikakatwa vipande vidogo kama ncha ya kidole gumba, vikachemshwa tena. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya mtoto. Siyo. Sekela alilia mara mbili kabla hajaiweza.

Alijifunzia Iringa, kabla ya kuolewa. Alikuwa akiosha vyombo katika nyumba ya mjenzi mmoja wa Kitaliani, na mpishi wa nyumba hiyo alikuwa mama wa Kihehe, Rozalia, mwenye mikono mikubwa na ulimi mkali.

"Siku ya kwanza aliniachia unga nichanganye," anasema Sekela. "Mimi nimezaliwa naona mama anasonga ugali. Basi nikasonga. Nikakaza kiuno hasa! Nikaona nimepata, donge limekuwa zuri, linang'aa. Dada Rozalia akaja, akalibonyeza, akanipiga mkono kwa mwiko."

Rozalia akamwuliza, "Wewe binti, unamkomoa nani?"

"Nakaza, dada, lisiwe bichi."

"Hili si ugali. Ugali unaupiga mpaka ukuogope. Hili unalishika kama kifaranga. Haya, pika hilo lako, na utakula mwenyewe."

Alikula. Anasema zilikuwa ngumu kama kandambili za matairi.

Kosa hilo hulifanya kila mwanamke wa huku anayejaribu, na wengine hawalikubali mpaka leo. Mkono uliozoea ugali hauamini donge lililolegea. Sekela naye ilimchukua miezi kuufundisha mkono wake utulie.

Siku hizi anafanya kila kitu kwa vyombo vya nyumbani. Viazi anachukua vilivyokaa ghalani, kwa sababu vilivyotoka kuchimbwa vina maji mengi na vinadai unga mwingi. Anavichemsha na maganda yake, anamenya vikiwa vya moto huku akipuliza vidole, halafu anavipitisha kwenye chekecheo la unga. Hatwangi kwenye kinu. Vikitwangwa vinakuwa gundi. Anatia yai, ananyunyiza unga, anakusanya donge bila kulibughudhi. Akishakata vipande, anavibingirisha kimoja kimoja juu ya mgongo wa ungo ili vitoke na mistari.

"Kwa Mtaliani kulikuwa na kibao chake maalumu," anasema. "Mimi nina ungo. Mistari ni mistari. Kazi yake ni kushika mchuzi."

Mumewe Yotamu ni utingo wa lori kati ya Iringa na Mbeya, na ndiye aliyewaleta wateja wa kwanza. Madereva wanaolala Uyole wanakula sahani kwa senti arobaini, kwa mchuzi wa nyanya au maziwa ya mgando. Wao hawasemi nyoki, wanasema vibarua. Mmoja wao aliona zikitiwa chunguni zote pamoja, zikazama, kisha zikaanza kuibuka moja hapa, moja pale. Akasema, "Hawa ni vibarua kabisa! Kuingia kazini pamoja, kutoka kila mtu kwa saa yake." Jina likashika.

Lakini madereva hawana uhakika. Wiki hii malori sita, wiki ijayo hakuna. Ndiyo maana Sekela alikosa usingizi aliposikia kwamba Bwana Pietro, msimamizi wa ujenzi wa daraja huko mbele, ameondokewa na mpishi. Yotamu akamwendea. Bwana Pietro akajibu kwamba atapita Jumapili. Zikiwa nzuri, Sekela atawapikia Wataliani wote wa kambini kila Jumapili mpaka daraja liishe. Zikiwa mbaya, asimsumbue tena.

Na nyoki haina subira. Inapoibuka juu ya maji, iopolewe. Ukichelewa inaanza kumumunyika, maji yanakuwa uji, na hata zile mbichi zilizobaki kwenye ungo hazina tena pa kupikiwa.

Sekela alichungulia kwenye upenyo wa mlango. Zilikuwa zimeanza kuibuka.

Alimwita jirani yake Ikupa kwa sauti ya chini. Ikupa alikuwa ibadani, na Yotamu alikuwa ameenda barabarani kumpokea mgeni. Katika ua walikuwamo yeye, mkwewe, na kuku mmoja mwekundu aliyekuwa akidonoa maganda ya viazi.

Basi Sekela akajificha nyuma ya mlango na kusema na kuku.

"Wewe kuku," akasema kwa sauti, "kama ungekuwa na mikono, ungeziopoa sasa hivi hizo zilizoelea."

Mgongo wa koti jeusi ukashtuka. Mzee akavuta kofia mpaka puani, akageuza uso kwenye ukuta wa nyasi. Kisha mzee naye akamjibu kuku.

"Kuku, waambie wa ndani kwamba mimi sikujua kama kuna mtu. Nilidhani watu wa nyumba hii wanakwenda kanisani."

"Kuku, sema tutatubu baadaye. Zinaharibika!"

"Kuku, uliza zinaopolewa na nini."

"Kopo lenye matundu, liko kushoto kwako! Kushoto, kuku! Hiyo ni kulia!"

Mzee Andendekisye, mwenye wajukuu kumi na wawili, hajawahi kushika chombo cha jikoni tangu alipojitambua kuwa mwanaume. Alilishika lile kopo lililotobolewa kwa misumari kama anayeshika nyoka. Akaopoa moja, ikarudi majini. Akaopoa tatu. Akaona zinakuja nyingi, akavua koti.

"Taratibu, kuku, zisivunjike!"

"Kuku, mwambie asinifokee, mimi ni mtu mzima."

"Kuku, sifokei. Namwaga machozi."

Zilizokaa majini muda mrefu zilikuwa zimeshayeyuka. Mzee akaambiwa, kwa njia ya kuku, amwage maji yale, atie mengine kutoka kwenye debe, na asubiri yachemke. Akatii. Wakati wa kusubiri akaonja moja iliyovunjika. Akaonja ya pili. Ya tatu haikuwa imevunjika.

"Kuku," akasema akitafuna, "hiki ni kitu gani?"

"Ni viazi."

"Uongo. Viazi nimekula tangu nina meno."

Bwana Pietro alipofika na Yotamu alikuta mzee wa heshima, mikono ya shati imekunjwa, jasho usoni, anaopoa nyoki za mkupuo wa pili. Yotamu akaitoa samli ndani, akaitia sahanini. Mtaliani akala amesimama. Aliendelea mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha akamshika mzee mkono kwa mikono miwili.

"Baba, wewe iko mpishi kabisa! Jumapili ingine wewe nakuja kambi!"

Yotamu alitaka kuingilia, lakini alikuwa akicheka mpaka amejishika kwenye nguzo. Mzee ndiye aliyerekebisha. Aliunyosha mkono kuelekea nyumba bila kugeuza kichwa.

"Mimi ni mkwe tu," akasema. "Mpishi yumo ndani. Na bwana, mpishi huyo ni mkali."

Kazi ikawa ya Sekela. Amewapikia watu wa daraja kila Jumapili tangu siku hiyo, na wale waliorudi kwao walimwachia kibao cha mistari cha kweli. Anakitumia kukatia vitunguu.

Lakini katika ukoo habari haikuishia hapo. Mzee kupika kwenye moto wa mke wa mwanawe, na wawili hao kusemezana, hata kama aliyetajwa ni kuku, halikuwa jambo dogo. Akina mama wa Tukuyu walikaa kikao. Mama mkwe, Tupokigwe, ndiye aliyefunga maneno.

"Aliyekosa ni nani?" akauliza. "Mwanamke alikuwa kwake, na chungu chake. Wewe mzee ulipita barabara nzima bila hata kukohoa. Koo unayo ya kuimbia kanisani tu?"

Mzee akainamisha kichwa. "Ndaga," akasema, akishukuru kwa hukumu. Wanaomjua wanasema hakuonekana kujuta sana. Kuanzia hapo, kila lori linalopita Uyole kutoka kwake huleta salamu, na nyuma ya salamu ombi la kufungiwa vile viazi.

Sasa Sekela anajenga jiko jipya la matofali, lenye meza ndefu ya madereva mbele na chumba cha kupikia nyuma. Anataka baadaye amlete Rozalia kutoka Iringa, wapike pamoja na wafundishe wasichana wa hapa kulegeza mkono. Jiko hilo lina milango miwili. Mmoja ni wa watu wote. Wa pili umetobolewa upande wa migomba, ili mpishi aweze kutoka wakati mkwewe anapoingia, na chungu kisibaki peke yake.

Matofali mia nne, aliyafyatua Yotamu mwenyewe. Mabati sita, yamelipwa na nyoki za Jumapili. Mlango wa mbele, sahani za madereva za miezi miwili. Mlango wa nyuma, mbuzi jike mmoja na mwanawe, kutoka zizi la Mzee Andendekisye.