Ubeti wa Tatu

Wimbo wangu unapigwa kila mahali siku hizi, na umenichosha. Nausikia kwenye bajaji nikienda Nyamagana, kwenye maduka ya simu, hata kwa kinyozi hapa Buhongwa. Wanaouimba ni bendi ya vijana wa Usagara wanaopiga muziki wa kantri, na kofia zao pana na mabuti kwenye jua hili. Nisiwacheke sana, angalau ng'ombe wanawajua kweli.

Miaka ile nilipouimba mimi kwenye baa za mjini, watu walitumia nafasi hiyo kwenda kuagiza chakula. Niliutunga nilipokuwa namchumbia mke wangu, Mkerewe. Shangazi zake walisema hawampi binti yao mtu asiyeweza kuwasalimia kwa lugha ya kwao, nami Msukuma sikujua hata neno moja. Basi yeye akanitungia salamu nzima, akaitia kwenye mahadhi ya wimbo wangu ili nisisahau. Ikawa ubeti wa tatu. Sikuwahi kuelewa kila neno. Nikiteleza jukwaani, nilimtazama pale alipokaa, naye ananitajia kwa midomo tu, bila sauti.

Vijana walipokuja nyumbani kuomba ruhusa, yeye alikuwa ameshafariki. Walinipa shikamoo zao, wakakaa kwa adabu, nikawakubalia. Mwimbaji wao aliujaribu ubeti wa tatu, ukamshinda, wakaweka gitaa mahali pake. Gitaa lenyewe tamu, siwezi kusema uongo. Tangu hapo kila ninapoalikwa kupiga wanautaka kama wa vijana, na bwana mmoja aliwahi kunifuata akanieleza kwa upole kwamba naukosea. Nilichoka kubishana. Nikawa nauimba kama wao.

Mwaka huu tulimuaga binti yetu anayeolewa. Siku ya sendofu nilipoanza wimbo ule ukumbi mzima ulisimama, watu wakaja kunitunza huku wakicheza. Dada wa marehemu mke wangu, aliyevuka kutoka Ukerewe, akaja mbele naye, ila hakucheza. Aliniinamia sikioni.

"Shemeji, leo tuimbie kile kipande cha kwetu. Mtoto aondoke nacho."

Niliwaashiria wapigaji wanyamaze. Neno la kwanza likaja, la pili likaja, halafu nikasikia kichwani gitaa la wale vijana, lote, mwanzo hadi mwisho, na nyuma yake hakuna kitu. Nikatazama meza ya mbele, kwa mazoea. Alikuwa amekaa mjomba wa bwana harusi, anakula pilau.

Watu walidhani ni madoido. Wakapiga vigelegele, wakaanza kuliimba lile gitaa kwa midomo yao, na ukumbi wote ukaenda nalo. Nami nikaenda nao. Niliona aibu, na zaidi ya aibu nilihisi uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Tulipomaliza nilimfuata shemeji, nikamwomba anikumbushe yale maneno, polepole, niyashike upya. Binti yetu alikuwa ameketi karibu yake na gauni lake zito, akatoa simu ili arekodi.

"Mimi siyajui, shemeji. Alitunga yeye. Sisi wote tulijua unayo wewe."

Binti yetu akaizima simu, akairudisha kwenye pochi.