Maandishi ya Pembeni Yalinifanya Nikubali Posa

Admin, naomba usiweke jina langu wala la duka ninalofanyia kazi. Makambako tunajuana, na anayehusika ana ndugu humu ndani.

Wapendwa, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, sijawahi kuolewa. Nauza kwenye duka la pembejeo: mbegu, mbolea, dawa za viazi. Mwaka uliopita nilisoma riwaya nyingi kuliko mwaka wowote wa maisha yangu, na mwaka huohuo nikaposwa. Mambo hayo mawili yameshikana, na nina hasira mpaka naandika nikifuta.

Kuna baba mmoja anauza mbao Njombe mjini, alifiwa na mkewe miaka minne iliyopita. Alikuja dukani kununua dawa, akanikuta nimeinamia kitabu, sina habari kama kuna mteja. Nikashtuka, nikamsalimu kwa lugha ya kwetu, "Kamwene baba, samahani." Akacheka. "Nyumbani nina gunia zima la vitabu vya hivyo." Nikajua ni utani. Wiki iliyofuata akaniletea vitatu, amevifunga kwenye gazeti, na kila alipokuja tena akaniletea vingine.

Vitabu vile vilikuwa vimeandikwa pembeni kwa penseli. Kuna riwaya ya fundi saa aliyemkana mwanawe mbele ya hakimu. Pembeni pameandikwa, "Mwongo huyu. Amtazame mtoto mikono." Nilicheka peke yangu dukani kama chizi. Kuna ya mwanamke aliyerudi kijijini kudai shamba la marehemu dada yake, na pale wanapomfukuza msibani pameandikwa, "Hapa nilifunga kitabu nikaenda kupalilia." Mimi pia nilikuwa nimefunga kitabu palepale! Kwingine, "Mwandishi amechoka, na mimi nimechoka naye." Maisha yangu yote sijawahi kupata mtu wa kuongea naye hivyo. Nyumbani kwetu nikishika kitabu naambiwa nakimbia kazi.

Nikamtumia ujumbe: "Napenda sana unavyoandika pembeni." Akajibu neno moja: "Asante." Ujumbe huo ninao hadi leo.

Basi nikaanza kumpenda. Tukionana alikuwa mkimya, nikajiambia ndivyo walivyo watu wanaofikiri sana. Desemba nikamwandikia kwa mkono riwaya zangu tano bora za mwaka, kila moja na sababu zake, kurasa sita nzima. Akazikunja karatasi, akazitia mfukoni, akasema, "Nzuri." Mwezi huohuo wazee wake wakaja kwetu na posa. Nikakubali.

Januari nikafungua kitabu kingine katika vile alivyoniletea, cha wakunga wawili waliokosana kwa miaka mingi. Ukurasa wa mwisho pameandikwa kwa penseli ileile, mwandiko uleule: "Nimekisoma nikiwa na mimba ya Neema, miguu imevimba. Akifika sekondari nitampa, tubishane."

Neema ni binti yake.

Nilikaa juu ya mfuko wa mbolea, nikausoma tena. Jumamosi nikapanda gari kwenda Njombe, nikamkuta sebuleni anaota moto wa jiko. Nikamwuliza, "Baba Neema, nani aliandika humu?"

"Mama Neema."

"Mbona uliniacha niamini ni wewe?"

"Hukuniuliza. Uliniambia unapenda vitabu, nikakuletea vitabu."

"Nilikuandikia napenda unavyoandika, ukajibu asante!"

Akachochea mkaa. "Ulikuwa umefurahi. Ningesemaje?"

Nikamwuliza amesoma kipi katika vyote. Hata kimoja. Nikamwachia kile nilichokipenda kuliko vyote, ajaribu tu, kwa ajili yangu. Mpaka leo yuko ukurasa wa kumi na moja.

Lakini kilichoniuma zaidi ni Neema. Ana miaka kumi na tano, yuko bweni, na hajawahi kuona maandishi yale. Siku ya kutembelea wanafunzi nikampelekea kile cha wakunga. Alisoma ukurasa ule wa mwisho amesimama. Akaniuliza, "Anti, viko vingapi?" Nikamwambia ninavyo kumi na moja, vingine viko kwao. Akasema, "Baba aliniambia alivigawa vyote." Sasa akipigiwa simu na baba yake hataki kupokea.

Baba yake alinipigia kwa hasira ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Mtoto alikuwa analia kila akiviona, ndiyo maana nilivifunga kwenye gunia. Umeingilia nyumba yangu kabla hujaingia." Nikamjibu kwamba vilikuwa vya mtoto, si vya kunitongozea mimi. Kisha akasema, "Kama ulimtaka aliyeandika, nitakuonyesha kaburi lake. Aliyebaki ni mimi."

Nisiwe mwongo, si mtu mbaya. Mama yangu alipolazwa Ikonda, yeye ndiye aliyetupeleka kwa gari lake, akakaa nasi siku nne, anafua mashuka ya mama kwa mikono yake bila kuombwa. Mama anasema, "Mwanangu, utaolewa na penseli?" Dada yangu anasema aliyeweza kunidanganya kwa "asante" atanidanganya kwa mengine. Na mimi nikifungua vile vitabu bado namsikia yule mwanamke, namkasirikia kwa kufa kabla sijamfahamu. Halafu naona aibu.

Kanisani tumeshatangazwa Jumapili mbili. Hii inayokuja ni ya tatu, mchungaji atauliza kama kuna mwenye pingamizi, na katika kanisa zima mwenye pingamizi nitakuwa mimi, bibi harusi. Neema naye ameniandikia barua, anauliza kama nitakuja kukaa nao, ili vitabu virudi nyumbani.

Ndugu zangu, hasa mlioolewa na watu wakimya, nishaurini kabla ya Jumapili. Niolewe na huyu baba, au nimrudishie vitabu vyake na posa yake?