Gadi wa Treni ya Ufukweni

Habari ya kifo chake niliipata kwenye kibanda cha suruali za jinzi, Guangyuan Xilu, mtaa wa masoko kule Guangzhou, mahali ambapo kwa kawaida hakuna habari inayopokewa isipokuwa ya bei. Nilikuwa nimetua mfuko wangu juu ya meza, nikingoja mwenye kibanda anisukumie kikokotoo kama ilivyo desturi yetu: yeye abonyeze bei yake, mimi nibonyeze yangu, tuvutane hadi mmoja achoke. Siku hiyo laoban, ndivyo tunavyowaita mabosi wa huko, hakukigusa kikokotoo. Aliinama chini ya meza akatoa filimbi ya shaba na kibendera cha kijani kilichokunjwa, akaviweka mbele yangu. "Dada," aliniambia kwa Kiswahili kidogo tulichomfundisha, "gadi mei you." Mei you ni neno la sokoni: hakuna, mzigo umekwisha. Hakuwa na neno jingine la kunieleza kwamba mtu amekufa, nami sikuhitaji jingine. Wapagazi wenye marobota walikuwa wakinipigia kelele niwapishe. Sikuwasikia vizuri, wakawa wananizunguka tu.

Wasomaji wangu wa siku nyingi hawamjui, kwa sababu sijawahi kumwandika. Alikuwa mtu wa Tabora, gadi wa treni kwa sehemu kubwa ya maisha yake, yule anayekaa behewa la mwisho na ambaye bila kibendera chake dereva haondoi treni. Kazi za reli zilipopunguzwa naye alipunguzwa, na kazi ilipokwenda ilikwenda na nyumba, maana familia ilikuwa ikiishi kota za reli. Kiinua mgongo alianza kukijengea. Nyumba ikafika kwenye lenta ikasimama, nyasi zikaota vyumbani, mkewe na watoto wakabanana kwenye chumba cha kupanga. Ndipo alipojiunga na safari zetu za Guangzhou, akiitafuta bati ndani ya marobota ya suruali. Lakini biashara haikuwa yake. Alichagua nguo nzuri mno kwa wateja wasio na fedha, zikamlalia dukani. "Dada," aliniambia mara moja tukila wali kwenye ngazi za soko, "mimi nataka paa tu. Likishakaa, mniite mnavyotaka."

Ikatokea kwamba viwanda vimefungwa kwa sikukuu zao, masoko yamelala, na yule laoban akatuchukua wateja wake kwa basi hadi pwani, safari ya nusu siku, ambako ndugu yake alikuwa na sehemu ya mapumziko. Kivutio cha pale kilikuwa treni ndogo. Kichwa chake kilikuwa kikivuta miwa zamani, kabla hakijapakwa rangi nyekundu na kupewa mabehewa ya wazi yenye vipaa vya maua. Reli yake ilikuwa nyembamba kuliko ya kwetu, unaweza kuivuka kwa hatua ya mtoto. Ilitoka kwenye kistesheni kilichopambwa, ikapita kando ya mchanga, ikazunguka mivinje na kurudi pale pale. Sisi tulikaa. Gadi hakukaa. Alianza behewa la mbele, akagusa komeo la kila mlango, akimwambia huyu aingize mguu na yule amshike mtoto, kwa Kiswahili, na Wachina wakamwelewa. Alikuwa bado yuko mlango wa mwisho, akigeuka kutazama nyuma kama kuna aliyebaki, dereva alipopiga kengele na kuondoka. Kistesheni kizima kiliangua kicheko. Mwenzetu mmoja kutoka Lubumbashi alipiga kelele akining'inia ubavuni mwa behewa: "Papa, treni inaacha gadi! Hii sijaonaka!" Tulipozunguka na kurudi tulimkuta amesimama palepale, mikono nyuma, anatusubiri.

Ndugu yake laoban hakucheka kama wenzangu. Aliona jinsi watu walivyokuwa wakielekeza kamera. Kabla hatujapanda basi alikuwa ameshatoa ahadi kupitia kwa mdogo wake, laoban wetu: kazi, kitanda, kibali cha kukaa, koti jekundu lenye vifungo vya dhahabu, na kazi yenyewe ni kusimama pale watu wapige naye picha. Ndani ya basi palikuwa hapakaliki. "Mzee, unakuwa cirque ya Bachina sasa?" yule wa Lubumbashi alimuuliza, akimaanisha sarakasi. "Bataleta batoto bakuangalie kama nyani!" Mwingine, wa Mwanza, akasema aibu hiyo itafika nyumbani kabla ya bati. Gadi aliwaacha wamalize. "Bati itafika," akajibu. "Na treni yenyewe ni ya kuchezea," wa Mwanza hakukoma, "milango unaikagua ya nini, baba?" Hapo aligeuka. "Walio ndani si wa kuchezea."

Mimi sikumcheka, na si kwa sababu ya wema. Wazazi wetu walipofariki mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, nikaacha shule, na kazi ya kwanza niliyopata ni kufua sare za wenzangu niliokuwa nimekaa nao darasa moja. Niliwapelekea zimepigwa pasi, wakazipokea mlangoni bila kunitazama, na wadogo zangu wakala. Tangu hapo sijui kuipima kazi kwa macho ya anayeitazama.

Nilimtembelea baadaye. Watalii walimzunguka, wakamvuta koti, wakamshika nywele, naye akawaachia. Lakini muda wa kuondoka ulipofika aliwapangua kwa mikono miwili, akaanza mlango wa kwanza. Dereva alikuwa ametoa kichwa nje, akitazama nyuma. Hakupiga kengele hadi kibendera kilipopanda. Hakuna aliyeamuru hivyo. Wawili hao hawakuwa na lugha moja, walikuwa na kibendera tu. Nilikaa kwenye behewa la maua nikifikiri juu ya watu waliookota treni kuukuu ya miwa na kuipaka rangi ili watoto wapande siku za mapumziko, na juu yetu, ambao treni yetu inabeba watu na mahindi yao kweli, lakini gadi wake yuko hapa anapigwa picha. Upepo wa bahari ulikuwa mkali. Alikuwa akikohoa. Nilimwambia aende hospitali, akasema mafundi wako juu ya paa, akimaliza hilo atakwenda.

Paa lilikwisha. Kifua hakikupona. Laoban alinieleza kwa ishara na kwa mkalimani wa kibanda cha jirani: asubuhi moja treni ilijaa, dereva akatoa kichwa, akangoja kibendera. Akangoja sana, abiria wakaanza kuzomea. Ndipo dereva aliposhuka, akaenda kugonga chumba cha gadi, na mlango haukuwa hata umefungwa.

Alichomwa huko huko, ndiyo taratibu yao, na yule wa Lubumbashi aliyemwita nyani ndiye aliyelia kuliko wote, akisema Mkristo hachomwi. Mimi nilipewa kisanduku cha majivu yake. Nilikibeba magotini kwenye ndege, kisha kwenye treni ya bara, hadi Tabora. Tulikizika nyuma ya nyumba yake, iliyoezekwa bati mpya ambazo jua lilizifanya zisitazamike. Jioni mkewe aliniketisha kwenye kigoda, filimbi iko mapajani mwake.

"Treni yake ilikuwa ya kutoka wapi kwenda wapi, mwanangu?"

"Haikuwa na pa kwenda, mama. Ilizunguka ufukweni, ikarudi pale pale."

"Na milango alikuwa akiangalia?"

"Yote. Alisema walio ndani si wa kuchezea."

Alitikisa kichwa, karibu atabasamu. Kisha akatazama juu, kwenye bati. "Na mlango wake yeye," akauliza, "nani alikuwa akiuangalia?"

Swali hilo nimelileta hapa. Ninachoweza kuwaachia wasomaji wangu ni hiki tu: kila nyumba ina mtu anayepanda wa mwisho, na sisi tuliokwisha kukaa tumezoea kuiacha treni iondoke. Geukeni mtazame nyuma. Kikohozi chake kisikieni mapema, kabla dereva hajashuka kwenda kugonga.